"Ondoka": ni kwenda zako au ni kuinuka?

Mjukuu Mnunaji
Wadau, hili linanikera tangu utotoni. Nilikuwa nimejikalia kitini, akaingia mzee mmoja. Bibi akanikazia macho: "We, ondoka!" Nikachomoka mbio hadi uani, ndala moja mguuni, nyingine mkononi. Waliokuwemo wote wakaangua kicheko. Kumbe alitaka nimpishe mzee kiti, basi. Nikarudi, nikasimama mlangoni nimenuna. Sasa, bibi alikosea, au neno lina maana tuliyoisahau? Na asili yake ni wapi?

Kalamu Kavu
Bibi hakukosea hata chembe. Kwa wazee, kuondoka ni kuinuka pale ulipokaa, kwenda kunafuata. Ndiyo maana kumwondokea mtu ni kusimama kwa heshima anapoingia. Fungua Isaya 60:1 katika Biblia ya Union Version: "Ondoka, uangaze." Hapo kuna anayefukuzwa? Na tuliolazwa kwa ngano tunaikumbuka "Paliondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa." Chanjagaa hakwenda popote. Aliibuka tu, hadithi ikaanza. Ni ondokea hiyohiyo tunayosema "ameondokea kuwa fundi hodari".

Pita Njia
Mimi nilidhani ni Kiarabu, kama safari.

Kalamu Kavu
Safari ni Kiarabu, sawa. Kwaheri nusunusu: heri ya kwao, "kwa" yetu. Ila ondoka umbo lake linajitangaza lenyewe. Liweke na wenzake: ng'oa na ng'oka, bomoa na bomoka, toa na toka, ondoa na ondoka. La kwanza mtu anakitenda kitu, la pili kitu kinajikuta kimetendeka. Hiyo ni mashine ya Kibantu, ndugu yangu, haikuja na jahazi.

Mama Watatu
Nyie mnachimba mizizi, mimi naogopa matawi. Mwaka jana binamu yangu aliniandikia: "Mjomba ametutoka asubuhi." Nikakaa chini kabisa, simu ikanidondoka. Nikampigia kwa sauti ya kilio, akashangaa: "Amepanda basi dada, unalia nini?" Angeandika "ametoka" nisingehangaika. Hiyo "tu" ndogo katikati ndiyo iliyomzika mjomba akiwa hai.

Pita Njia
😂 Pole dada. Na "ameondoka" je?

Mama Watatu
Hiyo inategemea nani anaisema na kwa sauti gani. Mgonjwa akiwa ndani, usiniandikie "ameondoka" peke yake. Malizia: ameondoka kwenda wapi.

Mjukuu Mnunaji
Asanteni. Nimempigia bibi nikamsomea jibu la Kalamu Kavu. Kasema: "Nilijua. Na ile ndala ya pili ulivaa lini?"