Naomba ushauri: kotesheni mbili za kava moja ya plastiki zimepishana mbali, nani ananipiga?

Mwana_Kibirizi:
Wakuu salaam. Niko Kigoma mjini, natengeneza taa za kuvulia dagaa, hizi za betri, mambo ya karabai tumeshayaacha. Saketi na waya naunga mwenyewe, shida yangu ni kava. Mpaka leo nanunua bakuli la plastiki sokoni, nalitoboa, naweka kioo naziba na silikoni, linafanya kazi ila likikaa ziwani wiki mbili maji yanaingia, halafu mteja akilishika anauliza hili si la uji hili? Nataka kava yangu, imetoka kiwandani, ina jina langu.

Nimeomba bei sehemu mbili. Kiwanda cha Dar wamesema moldi (kalibu ya chuma ya kumwagia plastiki) milioni 19, kila kava 2,900. Wachina moldi dola 4,200, kila kava senti 71 za dola. Kava ni ile ile, upana sentimita 20, kimo sentimita 6. Inakuwaje zipishane hivi? Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Nawasilisha.

SitiYaMbele:
Nimekaa paleee, ngoja waje wataalamu. Mimi kwenye plastiki najua ndoo tu.

Migebuka_Mkavu:
Nenda China mkuu usipoteze muda, bongo kila kona unapigwa. Shemeji yangu kule Uvinza aliagiza mashine ya kukamua mawese, ilikuja imepungua bolti mbili tu, akazunguka mjini wiki nzima anatafuta bolti akakosa ikabidi zichongwe, lakini mpaka leo inakamua na ameshaongeza mke.

Fundi_Moldi:
Mleta mada, mimi hizo kotesheni ndo zinanilisha, nimeziandika miaka 9. Kabla sijasema nani anakupiga nijibu: uliomba bei ya vipande vingapi, unene wa ukuta ni milimita ngapi, plastiki gani, na mchoro uko wapi?

Mwana_Kibirizi:
Vipande vya kutosha mkuu, hilo halina shida. Unene milimita 4, nataka iwe ngumu, wavuvi hawana mikono laini. Plastiki waliyoona wao inafaa. Mchoro sina, niliwatumia picha za bakuli na vipimo WhatsApp. Swali langu lilikuwa nani ananipiga.

Fundi_Moldi:
"Vya kutosha" sio namba. Ngoja nikwambie tunavyopiga bei, uone kwanini nauliza.

Kwanza eneo la kava ukiitazama kutoka juu. Sentimita 20 upana ni kama sentimita za mraba 314. Kwa PP (aina ya plastiki) naweka nguvu ya kubana moldi kama tani 0.4 kila sentimita ya mraba, inakuja tani 125, maana yake nikufungie kwenye mashine ya tani 150 hivi, na kila ukubwa wa mashine una bei yake ya saa. Pili uzito. Kwa milimita 4 hiyo kava ni gramu 250, ukishusha hadi 2.5 inakuwa kama 155. Tatu, na hapa ndo watu hawajui, muda wa kupoa. Plastiki inaingia imeyeyuka, moldi inafungwa, tunasubiri igande, na muda wa kusubiri unapanda kwa mraba wa unene. Yani 4 ukilinganisha na 2.5 kupoa kunachukua mara mbili na nusu. Mashine ikiwa 60,000 kwa saa (nasema mfano), kava ikitoka kila sekunde 70 unapata 51 kwa saa, mashine peke yake imekula karibu 1,180 kwa kila kava. Ikitoka kila sekunde 40 unapata 90, imekula 670 hivi. Ugumu hauletwi na unene, unaletwa na mbavu kwa ndani, geuza beseni lolote la kiwandani utaziona.

Hapo bado vinavyoharibika, kupaki, umeme, na faida, tusidanganyane.

Sasa wewe umetuma picha. Mtu akiniletea picha namwekea bei ya woga, nafikiria mabaya yote, naongeza. Mwenzangu wa China kafikiria mazuri yote, pengine kaweka milimita 2.5 na moldi ya chuma laini ili uingie kwanza. Kwahiyo usiseme kava ni ile ile. Hao watu wamekupa bei za vitu viwili tofauti na wewe hujui hata kimoja.

Chapa_Ilale:
Wajerumani walisafirisha meli ya Liemba nzima kwa makasha kutoka kwao wakaja kuiunga hapo Kigoma, ikaingia majini 1915. Wewe kava ya taa tu unatutoa jasho 😂

Nyuki_Sikonge:
Niko Tabora, hili la moldi limenitoa machozi. Nilitaka vifuniko vya chupa za asali, kile cha kubonyeza, nikalipia moldi nje ya nchi, vifuniko vikaja vizuri kabisa. Mwaka uliofuata naingia duka moja Tabora mjini nakuta asali ya mtu mwingine ina kifuniko changu, hadi kale kaua nilikokachora mimi kwenye daftari la mtoto. Kuuliza kiwandani wananiambia moldi ulichangia gharama, kwani wapi imeandikwa ni yako? Kwenye profoma kweli haikuwepo. Nilikuwa nanunua kifuniko changu bei ile ile na mshindani. Kwahiyo muulize moldi ya nani, na ukitaka kuihamisha wanakupa?

Mwana_Kibirizi:
Pole sana mkuu. Kwenye yangu hakuna sehemu ya mwenye moldi, nitauliza.

Fundi_Moldi:
Na ile bei ya China ya senti 71 soma kwa chini, nina hakika ni FOB, mzigo upo bandarini kwao. Meli, ushuru, VAT asilimia 18, wakala wa forodha na lori la kuleta Kigoma juu yako. Haya, narudia mara ya mwisho, uliwaandikia vipande vingapi?

Mwana_Kibirizi:
20,000.

Fundi_Moldi:
Na taa unauza ngapi?

Mwana_Kibirizi:
Toka nianze, miaka miwili, 640. Lakini mkuu elewa, ukiandika 800 hawakujibu kabisa au wanakupa bei ya ajabu, kila mtu anaandika kubwa. Na soko lipo, ziwa hili lina Burundi, Kongo na Zambia, sio Kigoma tu. Kuthibitisha kwamba tatizo ni bakuli, juzi usiku mwezi umejaa nilitoka na mtumbwi wa jamaa nikaning'iniza taa 6, nne zikaingia maji nikiona kwa macho. Halafu mimi upande wa Dar nilishawatumia milioni 4 ya kishika uchumba, siwezi kurudi nyuma kirahisi.

SitiYaMbele:
Ahaaa. Kumbe mahari imeshatoka ndo unauliza mchumba yukoje.

Fundi_Moldi:
Milioni 19 gawa kwa 20,000 ni 950 kwa kava. Gawa kwa 640 ni kama 29,700. Taa unauza bei gani? Na kufunga moldi mashineni, kupasha, kutoa plastiki ya kazi iliyopita, weka saa 4, ni 240,000. Kwa 20,000 ni shilingi 12, kwa 640 ni 375. Ile 2,900 ni bei ya huyo mtu wa 20,000, wewe sio yeye. Ukienda na oda ya 640 watakupa kotesheni mpya.

Mama_Gungu:
Mwanangu, hiyo milioni 4 ni ya nani?

Mwana_Kibirizi:
Shikamoo mama. Ni mkopo wa kikoba, kupitia wife.

Mama_Gungu:
Marahaba. Anajua ni ya moldi au anajua ni ya betri?

Mwana_Kibirizi:
Anajua ni ya biashara.

Mama_Gungu:
Haya. 2024 ziwa lilipofungwa lisivuliwe miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, mimi niko kikoba nilikuwa naona wanawake wanavyokwepa siku ya marejesho wanapita njia ya nyuma. Ziwa likifungwa taa yako nani ananunua? Kikoba hakifungwi.

Mzee_wa_Data:
Samahani naharibu starehe. Chai hii. Mtu wa Kibirizi gani anatoka kuvua dagaa mwezi umejaa? Dagaa hufuata taa gizani, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa nchi kavu watu wanashona nyavu. Huyu hajawahi kuona hata mwalo, ametunga uzi ili Fundi_Moldi apate wateja, pengine ni mtu mmoja ana akaunti mbili.

Chapa_Ilale:
Weka tangawizi kabisa 😂😂 nilishaanza kumuonea huruma.

Fundi_Moldi:
Mzee nina kazi ya kufanya.

Mwana_Kibirizi:
Sijasema nilienda kuvua, soma vizuri. Nilitoka mwezi mpevu kwasababu ndo siku mtumbwi unapatikana, gizani nani atakuachia mtumbwi ucheze na taa? Tulikaa mita hamsini tu kutoka ufukweni. Taa nilizichovya kabisa, nawasha nusu saa, nazima, nawasha tena. Zilipozimwa ndo ziliingiza.

Mzee_wa_Data:
Sawa, hilo la mtumbwi nimekubali. La akaunti mbili bado.

Fundi_Moldi:
Rudia hapo. Zilipozimwa?

Mwana_Kibirizi:
Ndio, zikiwaka hamna tone.

Fundi_Moldi:
Basi taa inapumua. Ikiwaka hewa ya ndani inapata joto inatanuka inatoka kwenye silikoni, ukizima kwenye maji baridi inajikunja inavuta, na inavuta maji. Kava ya milioni 19 itavuta vilevile usipoweka mpira wa kuziba na kidude cha kupumulia. Jaribu hilo kwenye bakuli lako kwanza. Dar waandikie upya, uwaombe bei tatu, 800, 3,000 na 20,000, unene 2.5 na mbavu, na moldi iandikwe ya nani. Uliza kama chuma cha moldi kimeshanunuliwa, kama bado hiyo milioni 4 inaongeleka.

Mwana_Kibirizi:
Nimewaandikia jana jioni. Chuma hawajanunua. Ila jamaa ameniuliza kama unataka 800, ile 20,000 ilikuwa ya nini? Mpaka sasa sijamjibu.

Kuhe_wa_Ikola:
Taa moja shingapi? Hata za bakuli sawa tu.