Mrejesho: Jarida letu la Ngamiani

Ndugu zangu, mtakumbuka niliwaomba ushauri kuhusu jarida letu dogo la fasihi hapa Ngamiani, Tanga: tuirudisheje kazi isiyofikia kiwango bila kumvunja moyo mwandishi, na je, hiari ya mtu yatosha kuchapa kisa chake?

La kwanza limekwenda vizuri. Badala ya kumwandikia mzee wetu mmoja barua ya kumkatalia, nilikwenda barazani kwake na daftari lake, tukahesabu mizani (yaani silabi) kwa vidole hadi mshororo wa pili wa ubeti wa 3, ambao ukwapi wake (nusu ya kwanza ya mshororo) ulikuwa na mizani 8 na utao (nusu ya pili) 9, moja ya ziada. "Hapa nimejikwaa, mwanangu," alisema, akafuta neno moja kwa kifutio cha mjukuu wake.

La pili, nakiri, nililikosea. Mama aliyeandika juu ya ujane wake alikuwa ametia sahihi, lakini sikuwafikiria mashemeji zake, ambao wangemtambua mara moja kwa kutajwa tu jina la mashua. Aliyenishauri nimsomee kwa sauti kabla ya kwenda kwa mchapaji alisema kweli: mama alisikiliza, akanyamaza, kisha akaomba iondolewe. Tuliiondoa, na kwa kuwa kijitabu cha kukunjwa huenda kwa kurasa 4, pengo tulilijaza kwa vitendawili vya watoto wa mtaani (vilivyopendwa, nadhani, kuliko tahariri yangu).

Malipo bado. Kila mwandishi anapata nakala 2 na nauli, jambo ambalo haliniridhishi.