Mrejesho: ile apatimenti ya ushirika jirani na bustani ya Prospect Park

Wakuu, niliwauliza kwa nini apatimenti ile ya Brooklyn, New York, jengo la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, inauzwa bei ya chini kuliko za jirani. Kumbe hununui nyumba; unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo zima, halafu unapewa mkataba wa kukaa. Ada ya kila mwezi inabeba kodi ya serikali ya jengo, joto la kupasha nyumba, hadi deni la jengo lenyewe! Bodi ya kampuni hiyo ilipekua taarifa zangu za benki, ikanihoji. Inaweza kukukataa bila kukupa sababu. Nimepita. Dari liko juu, kuta za plasta nzito, ila bomba la mvuke wa kupasha nyumba usiku linagonga kama fundi bati. Nikitaka kupangisha, mpaka bodi iridhie.