MJADALA: Hedifoni za Bluetooth zisizobadilishika betri, zipigwe marufuku au ziachwe?

MWANZISHA MADA

Wakuu, mtu akiomba ushauri wa hedifoni ya Bluetooth ya kutumia na simu yake, majibu huwa yale yale: angalia besi, angalia inavyozuia kelele, angalia inakaa na chaji saa ngapi. Swali ambalo kwangu lingetangulia yote haliulizwi: betri ikichoka, inatolewaje? Kwa hizi ndogo za kuchomeka sikioni, mara nyingi haitoki. Kifaa kimefungwa kwa gundi, na betri ikifa unatupa spika, maiki na chipu, vyote vikiwa havina kasoro yoyote.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Hedifoni ambayo mwenyewe au fundi wa kawaida hawezi kuibadilisha betri isiruhusiwe kuuzwa. Sheria ikataze, kwa sababu kampuni ikiachiwa hiari haitafanya. Itapata faida gani wewe ukikaa na hedifoni moja miaka saba?

Nianze na betri yenyewe. Karibu zote ni za lithiamu, na betri ya aina hiyo inachakaa kadiri inavyotumika na kuchajiwa. Kwa makadirio ya kawaida, baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kujaza na kumaliza chaji inabaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Kwenye simu yenye betri ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) upungufu huo unavumilika. Kwenye kipande cha sikioni chenye mAh 50 au pungufu unauona waziwazi: kilichokuwa kinacheza saa tano kinashuka hadi nne, kisha tatu, mpaka kinazima ukiwa katikati ya maongezi. Tena betri ziko tatu, moja kwa kila sikio na nyingine ndani ya kisanduku cha kuchajia, na kila unapokirudisha kipande kisandukuni kinachajiwa upya.

Kuna jambo ambalo wengi wameliona bila kujua sababu yake: upande mmoja hutangulia kufa. Katika miundo mingi ya zamani kipande kimoja ndicho kilichopokea sauti kutoka kwenye simu na kukirushia kingine, kwa hiyo kilitumia chaji zaidi kila siku. Na mtu mwenye mazoea ya kupokea simu kwa sikio moja, tuseme la kulia, hilo ndilo litakalomwangusha kwanza. Unabaki na kipande kimoja kizima ambacho peke yake hakikupi sauti ya stirio uliyoilipia.

Hedifoni ya waya haikuwa na ugonjwa huu. Waya ukikatika, fundi anaunga, unaendelea. Mambo yaligeuka Septemba 2016, Apple ilipoitambulisha iPhone 7 bila tundu la milimita 3.5 la kuchomekea waya wa hedifoni, na siku hiyo hiyo ikaonyesha AirPods, hedifoni zake ndogo za sikioni zisizo na waya. Washindani waliikejeli, kisha wengi wakafuata. Samsung iliondoa tundu hilo kwenye Galaxy Note 10 mwaka 2019. iFixit, ambao hufungua vifaa na kuvipa alama kwa urahisi wa kutengenezeka, waliipa AirPods sifuri juu ya kumi. Kifaa cha aina hiyo ndicho kikawa mfano ambao soko zima liliuiga.

Najua hoja itakayokuja: vidude ni vidogo mno, haiwezekani. Mwaka 2024 kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilitoa Fairbuds, ambazo betri za vipande na ya kisanduku zote hubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. iFixit hao hao wakazipa kumi juu ya kumi. Nao Umoja wa Ulaya umeshapitisha Kanuni 2023/1542, inayotaka betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji kuanzia tarehe 18 Februari 2027. Ninachodai ni nchi nyingine zote zifanye hivyo hivyo, tena bila kuchelewa. Kiwanda kikizuiwa kuuza vyenye gundi upande mmoja wa dunia, kitavimalizia upande usiokuwa na katazo.

Karibuni. Anayepinga aje na sababu, nitamjibu.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nimekusoma vizuri ila napinga. Mimi ni mtu wa mazoezi, na kinachoua hedifoni zangu ni jasho, si betri. Nikinunua natazama kwanza alama ya IP, inayoonyesha kifaa kinavumilia maji kiasi gani. IPX4 inavumilia maji ya kurushiwa kutoka pande zote. IPX7 inavumilia kuzama hadi mita moja kwa dakika 30. Ukiniwekea kifuniko cha kufungua betri, umenifungulia njia ya jasho kuingia. Hata kanuni ya Ulaya uliyoitaja imeacha mwanya kwa vifaa vilivyoundwa kutumika hasa kwenye mazingira ya maji, ambavyo betri yake inaweza kubadilishwa na fundi aliyebobea badala ya mtumiaji. Walioiandika walijua tatizo lipo.

Pia watu wengi hawafiki huko kwenye betri kufa. Wanadondosha kipande njiani na hadithi imeishia hapo. Na hata kisipopotea, teknolojia inakiacha nyuma. LE Audio, mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth, ilitangazwa Januari 2020, na kodeki yake (njia ya kubana sauti ili irushwe) ya LC3 inatoa sauti nzuri kwa data kidogo kuliko SBC ile ya zamani ambayo kila hedifoni ya stirio ya Bluetooth lazima iwe nayo. Betri mpya haigeuzi chipu ya zamani kuwa mpya. Anayetaka Fairbuds zipo, anunue. Mimi nisilazimishwe kulipia kifuniko nisichokihitaji.

MCHANGIAJI WA PILI

Naongea kama fundi, maana hizi kazi zinaletwa mezani kwangu.

Ukiniletea kipande cha sikioni kilichokwisha betri, kwanza nakipasha joto kidogo gundi ilegee. Napenyeza plastiki nyembamba kwenye mshono, nazungusha taratibu. Chini ya kifuniko kuna utepe wa saketi ambao ukivuta kwa pupa umekatika, na hapo hakuna cha kuokoa. Betri mara nyingi ni ya duara, na katika nyingi nilizofungua imeshikizwa na vibamba viwili vilivyotiwa lehemu. Chuma cha kulehemu kikikaa hapo kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, betri mpya inaharibika kabla hata haijafanya kazi. Nikimaliza nagandisha upya kwa gundi yangu, ambayo haiwezi kuwa sawa na ya kiwandani, kwa hiyo ile IPX4 ya kwenye boksi siwezi tena kuidhamini. Mteja akipiga hesabu ya kazi yote hiyo anaamua kununua nyingine, na simlaumu.

Lakini mwanzisha mada, umezichanganya zote pamoja wakati hazifanani. Hedifoni kubwa za kufunika sikio, toa sponji la sikio, utakuta skrubu chache, na betri ndani ina nyaya zake au plagi kabisa. Hata zile za kuvaa shingoni ni afadhali, kwa sababu betri ni kubwa kidogo na kuna nafasi ya kufanyia kazi. Mtu akiniuliza anunue ipi akae nayo muda mrefu, namwelekeza huko. Hiyo haihitaji sheria, inahitaji mnunuzi kuambiwa.

Na kifuniko peke yake hakisaidii kitu kama betri ya akiba haipatikani. Nimeshafungua kifaa vizuri kabisa nikakosa betri ya saizi ile, nikaletewa bandia ambayo uwezo ulioandikwa juu yake hauna uhusiano na uliomo ndani. Hilo mnalizungumziaje?

MWANZISHA MADA

Mkuu fundi, hilo la betri za akiba kanuni ya Ulaya imeligusa: betri zinatakiwa zipatikane kwa angalau miaka mitano tangu kifaa cha mwisho cha toleo hilo kiingie sokoni. Naliweka kwenye dai langu vilevile, maana bila hilo kifuniko ni pambo. Na ulivyoeleza lehemu na gundi umenisaidia zaidi ya nilivyojieleza mwenyewe. Hayo yote ni maamuzi ya mtu aliyekaa kuchora kifaa, na angeweza kuchora vingine.

Ndugu wa mazoezi, saa za wapiga mbizi zinazotumia betri hufunguliwa, zikabadilishwa betri na mpira wa kuzuia maji, kisha zikarudi baharini. Maji hayazuiwi na gundi peke yake. Kipande kilichopotea nacho kinanipa nguvu: kampuni ingelazimika kuuza kipande kimoja kimoja, usingetupa kilichobaki. Kuhusu LC3, mtu anayesikiliza hotuba na muziki akiwa kwenye gari la abiria hana haja ya kubadilisha kifaa kwa ajili ya kodeki. SBC kwa mpangilio wake wa kawaida wa juu hupeleka kama kilobiti 328 kwa sekunde, na masikio mengi yanaridhika nayo. Kodeki ya LDAC ya Sony hufika hadi 990, lakini kwenye msongamano wa mawimbi simu huishusha hadi 660 au 330 ili sauti isikatike. Sioni sababu ya kukitupa kifaa kizima kwa tofauti hiyo.

MCHANGIAJI WA TATU

Samahanini kaka zangu, mnazungumza kana kwamba hedifoni ni ya muziki peke yake. Mimi nafanya kazi ya kupiga na kupokea simu siku nzima, na ningependa wanaonunua waambiwe jambo ambalo wauzaji hawalisemi: sauti nzuri ya stirio unayoisikia dukani si utakayoisikia kwenye simu. Muziki unapita kwenye njia inayoitwa A2DP, ambayo inapeleka sauti upande mmoja tu, kutoka kwenye simu kuja sikioni. Maiki ikiwashwa, kifaa kinahamia HFP, njia ya maongezi ya simu, na hapo stirio inakwisha. Kwa vifaa vya zamani sauti huchukuliwa kwa kilohezi 8, yaani sampuli 8,000 kwa sekunde, ndiyo maana unasikika kama umefunikwa blanketi. Vyenye mSBC, kodeki ya maongezi iliyo bora zaidi, huchukua kilohezi 16, na tofauti ni kubwa hasa kwenye herufi kama s na f. Jaribuni kutajiwa jina la mteja au namba ya akaunti kwenye kile cha kwanza, mtaelewa. Kwa hiyo kabla ya kujaribu wimbo, jirekodi ukiongea, usikilize.

Kwenye mada yenyewe, mimi nadai zaidi ya mwanzisha mada. Tundu la waya lirudishwe kwenye simu. Waya haumalizi chaji katikati ya maongezi na mteja, na haucheleweshi sauti. Halafu mmesahau redio. Kwenye simu zenye redio ya FM, waya wa hedifoni ndio antena. Ukiondoa tundu umeondoa na redio, ile ambayo mtu alisikiliza taarifa ya habari bila bando. Kuna watu wazima wengi ambao kwao hilo ndilo lilikuwa jambo kuu kwenye simu.

MCHANGIAJI WA NNE

Nipite kwa kifupi tu. Mzazi anayemnunulia mtoto hedifoni aangalie kiwango cha sauti kabla ya betri. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na ukifika desibeli 90 muda salama unashuka hadi saa nne kwa wiki nzima. Hedifoni zinazoziba vizuri au zinazopunguza kelele za nje zinasaidia kwa sababu hulazimiki kupandisha sauti kushindana na barabara, ila usivuke barabara hiyo umeziwasha. Betri inabadilishika, sikio halibadilishiki.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nimerudi. Hoja ya saa za wapiga mbizi ina uzito, lakini saa ile hufunguliwa na fundi mwenye kifaa cha kupimia mgandamizo, si mimi nikiwa nyumbani. Napendekeza njia ya kati. Badala ya kupiga marufuku, kila boksi liandikwe kwa herufi kubwa: betri hii inabadilishwa, au haibadilishwi, na inatarajiwa kudumu mizunguko mingapi. Mnunuzi aamue.

MWANZISHA MADA

Maandishi hayo nayataka pia, yawepo. Lakini hedifoni nyingi zinanunuliwa kwa kuangalia picha mtandaoni, au zinakuja kama zawadi, na anayeitumia hakuliona boksi. Mtu wa pili anayeuziwa iliyotumika naye hana boksi. Hata aliyelisoma, kama dukani zote zimeandikwa "haibadilishwi", ameamua nini? Nakupa hili: nakubali kwamba si lazima mtumiaji afungue mwenyewe nyumbani. Fundi wa kawaida aweze, kwa bisibisi ya kawaida, bila kupasha moto wala kulehemu. Dada, la tundu nakuunga mkono. Ila naona ni mada inayojitegemea, uifungue tutakuja.

MCHANGIAJI WA PILI

Skrubu mahali pa gundi, na plagi mahali pa lehemu. Hayo mawili yakiandikwa kwenye sheria, pamoja na mpira wa kuzuia maji uuzwe na betri yake kwenye pakiti moja, kazi ya saa nzima inakuwa ya dakika chache na bei yake inashuka.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Skrubu nazikubali, kwa sharti kwamba ikishafunguliwa na kufungwa bado ipite kipimo kile kile cha IPX4. Isipopita, nabaki upande wangu.