Kwanini Ufaransa walimkamata Durov mwenyewe badala ya kuipiga faini Telegram?

Mzee wa Bando

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linanitatiza muda mrefu, naomba wenye uelewa mnifungue macho.

Meta (wenye Facebook na WhatsApp) na Google kila siku tunasikia wametandikwa faini Ulaya. Meta peke yake Mei 2023 walipigwa euro bilioni 1.2 kule Ireland kwa mambo ya kuhamisha data za watu kwenda Marekani, wakakata rufaa na maisha yakaendelea, Zuckerberg hata kuitwa kituoni hakuitwa. Lakini huyu Pavel Durov, mwanzilishi na bosi wa Telegram, Agosti 2024 katoka zake Azerbaijan na ndege binafsi, anatua tu uwanja wa Le Bourget pale Paris, wakamdaka kisa wahalifu wanatumia Telegram yake. Akakaa mahabusu kama siku nne hivi, akatoka kwa dhamana ya euro milioni 5, akaambiwa aripoti polisi mara mbili kwa wiki na asivuke mpaka. Na jamaa ni raia wao kabisa, uraia walimpa wenyewe 2021!!

Sasa mwenye nyumba anakamatwaje kisa mpangaji anauza bangi chumbani kwake? Au ni siasa tu wanatuzuga na sheria? Povu ruksa ila tuelimishane.

Kijukuu cha Pangani

Mkuu huo mfano wako wa mwenye nyumba mzuri ila umeruka kipande. Polisi walikuja wakagonga, wakaleta barua, wakarudi tena, na mwenye nyumba hafungui mlango. Kwenye mashtaka yale, ukiacha yale mazito ya picha za watoto na madawa na utapeli, kuna moja linasema alikataa kutoa taarifa ambazo mamlaka ziliomba kisheria. Waendesha mashtaka wa Paris kitengo cha uhalifu wa mtandao ndio lilikuwa linawakera hilo, kwamba kila wakiandika Telegram kimya.

Ila jibu la swali lako hasa ni hili, serikali inakamata pale mkono wake unapofika. Meta ana ofisi Dublin, ana wafanyakazi kibao, ana hela za matangazo zinapita benki za Ulaya kila siku, ukimpiga faini unajua utaidai wapi. Telegram yuko Dubai, wahandisi wenyewe kwa maneno ya Durov ni kama 30, Ufaransa hana pa kumshika. Utampelekea nani hati ya faini? Kitu pekee cha Telegram kilichokuwa kinaingia Ufaransa ni mwili wa Durov, basi wakausubiri.

Na sio Ufaransa walioanza. Brazil Machi 2016 walimkamata bosi wa Facebook wa Amerika Kusini, Diego Dzodan, kisa WhatsApp hawakutoa meseji za watuhumiwa wa madawa, na WhatsApp wakati ule walikuwa wanaendeshwa mbali na yeye kabisa. Kesho yake wakamwachia. Urusi Septemba 2021 walipotaka ile programu ya uchaguzi ya watu wa Navalny, mpinzani wa Putin, iondolewe, Google na Apple walitishiwa wafanyakazi wao walioko Moscow watafungwa, wakaiondoa fasta. Ndo maana siku hizi nchi nyingi zinatunga sheria lazima kampuni iwe na mwakilishi anayeishi nchini, India wanayo tangu 2021, Uturuki wanayo. Wanakwambia ni kwa ajili ya kupokea malalamiko ya wananchi. Sawa, na pia wapate mtu wa kuweka ndani.

Omosh wa Rongai

Huyo wa Pangani amesema ukweli tupu. Niongezee ya huku Kenya. Wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Novemba 2023 Telegram ikazimwa sababu ya karatasi za mtihani kuuzwa kwa machaneli, 2024 mtihani ikifika tena ikazimwa. Sisi wenye hatufanyi mtihani wowote tukaumia pamoja, mimi wateja wangu wote wa viatu wako huko. Sasa mbona wasimshike Durov? Kwani yeye atakuja Nairobi kufanya nini bana. Hauna ofisi yao, hauna pesa yao, yeye hauna, kitu uko nayo ni waya tu, so unakata waya. Na watoto wa shule ndio walikuwa wa kwanza kuweka VPN ya kuruka hiyo block, wazazi wao ndio walibaki gizani.

Bi Tatu Kinondoni

Jamani mnaongea kama mambo ya waanzilishi kukamatwa ni ya Wazungu tu. Tumemsahau Maxence Melo, mwanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums? Desemba 2016 alilala mahabusu Dar es Salaam kwa jambo hilohilo, polisi wanataka majina ya wanachama walioandika habari za makampuni fulani, yeye akakataa, wakamshtaki kwa sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 kwamba anazuia uchunguzi. Kesi ikapigwa kalenda mahakama ya Kisutu hadi Aprili 2020 ndio akakutwa na hatia, faini milioni 3 au jela mwaka mmoja. Na hapo kesi zilikuwa zaidi ya moja, nyingine ilihusu eti tovuti kutotumia anwani ya Tanzania ya .tz

Halafu tazama tofauti. Durov ana pasipoti za kutosha, ya Ufaransa, ya Emirati, ya Saint Kitts, ana mawakili, Machi 2025 wakamruhusu kurudi Dubai na kabla mwaka haujaisha wakamwondolea vikwazo vya kusafiri, ingawa uchunguzi haujafutwa. Mtu anayeishi na kufanya kazi nchini kwake hana pa kuruka, leo watabana mwili wake kesho leseni yake. Septemba 2025 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, si wakasimamisha leseni ya JamiiForums siku 90, wiki chache kabla ya uchaguzi. X (Twitter ya zamani) ilishafungwa tangu Mei mwaka huohuo. Kwahiyo Kijukuu nakubaliana na wewe ila usiseme serikali inakamata kimoja, mtu akiwa wa nyumbani inakamata vyote.

Na wewe Mzee wa Bando, mimi mtu anayekaa kimya anapoombwa taarifa za wanaosambaza picha chafu za watoto simuonei huruma hata kidogo. Anayekataa kutaja jina la mtu aliyeandika kuhusu ufisadi huyo namtetea. Kwenye karatasi ya mashtaka wote wawili wanaandikiwa kosa linalofanana, tatizo liko hapo.

Fundi wa Seva

Mnasahau upande wa ufundi. Signal, programu nyingine ya meseji, akiulizwa na mahakama anasema sina, na kweli hana, meseji zimefungwa kwenye simu za wenyewe. Telegram hawezi kusema sina. Chati za kawaida na magrupu yote yanakaa kwenye seva zao na funguo wanazo wao. Kwahiyo Durov akikataa anakuwa anakataa kitu alichonacho mkononi, na mbele ya mahakama hapo hupumui.

Tena huyu jamaa amezoea hii mikiki. VK, mtandao wa kijamii wa Urusi aliouanzisha 2006, ndiyo ilimtoa Urusi, FSB (usalama wa taifa wa Urusi) walitaka taarifa za walioandaa magrupu ya maandamano ya Ukraine mwishoni mwa 2013, akakataa, akauza hisa zake, Aprili 2014 hana kazi na kaondoka nchini. 2018 Urusi wakaifungia Telegram kwa sababu hakutoa funguo za kufungulia meseji, wakazuia mamilioni ya anwani za seva za Amazon na Google, biashara za watu wasiohusika zikalala chini na Telegram inapeta tu, 2020 wakaachia. Walipiga waya miaka miwili hawakupata kitu, Ufaransa wakapiga mwili siku nne. Septemba 2024, hata mwezi haujaisha vizuri tangu atoke, Telegram wakabadilisha masharti yao kwamba mkosaji yeyote akiombwa kwa njia halali ya kisheria watatoa namba yake ya simu na anwani ya IP, yaani alama ya kifaa chake mtandaoni. Hayo hayakuandikwa kwa mapenzi.

Mzee wa Bando

Aisee nimeelewa vizuri, asanteni sana wakuu, Bi Tatu shikamoo kwa hilo la Melo. Sasa Fundi umenitia wasiwasi, sisi tuna grupu la kijiji kule Telegram tunajadili mapato na matumizi ya mwenyekiti, majina na vielelezo vyote viko humo. Si kuna ile chati ya siri ambayo Telegram wenyewe hawawezi kuisoma? Naiwashaje kwenye grupu?

Fundi wa Seva

Haiwashiki mkuu, ile ni ya watu wawili tu. Grupu lote liko kwenye seva. Hamieni Signal, ila kabla ya hapo kila mtu afiche namba yake ya simu kwenye mipangilio ya faragha maana hata mwenyekiti akiingia humo kwa laini nyingine anaweza kuziona namba za wasioficha.

Bi Tatu Kinondoni

Marahaba. Na nina hakika mwenyekiti yumo tayari.