Tunataka kulala kwenye hema ufukweni Saadani na watoto, naombeni ushauri

Mama Nuru (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Shule zikifungwa Juni tumepanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Saadani, tulale kwenye hema pale kambi ya ufukweni. Ni mimi, mume wangu, watoto wawili (mkubwa ana miaka 11, mdogo 6) na mama mkwe, ambaye amesema safari hii haachwi nyumbani. Tunataka usiku mbili. Watoto wangu bahari wanaijua ya Dar tu, ile ya Jumapili yenye spika kila baada ya hatua kumi, na natamani sana waone ufukwe ambao nyuma yake kuna pori lenye twiga.

Sasa yanayoniumiza kichwa. Hema naweza kulipiga mchangani kabisa, wakiamka waone maji, au hairuhusiwi? Wanyama wanafika pale usiku? Kuogelea je, kuko salama? Gari letu ni Rav4 ya zamani, inafika? Na mama mkwe ana magoti, kulala chini sijui itakuwaje.

Aliyewahi kwenda na familia tafadhali aniambie ukweli, hata kama ukweli ni nisiende.

Kiberenge

Dada, Rav4 inafika kiangazi, mradi iwe ya kuvuta magurudumu yote na matairi yawe mazima. Shida ya Saadani ni ule udongo mweusi. Ukikauka unapita kama kawaida, ukilowa hata Land Cruiser inalala hapo. Masika inaenda mpaka Mei na madimbwi hayakauki siku moja, kwa hiyo nenda mwishoni mwa Juni, mwanzoni mwa mwezi achana nako. Kutoka Dar pita Bagamoyo, Makurunge, uvuke mto Wami. Njia ya pili ni kutoka barabara ya Chalinze–Segera, unakata Mandera unapita Miono, ila ni mzunguko. Kabla ya kuondoka piga simu ofisi ya hifadhi uulize njia ipi inapitika wiki hiyo.

Dada wa Geti

Mama Nuru, nasafirisha wageni kwenye hifadhi, ngoja nikuondolee usumbufu wa getini.

Getini hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, benki au kadi. Kiingilio kinahesabiwa kwa saa 24 tangu mlipoingia, kwa hiyo mkiingia saa 6 mchana Ijumaa na kutaka usiku mbili, mnalipia saa 48 na saa 6 mchana Jumapili muwe mmeshatoka. Kupiga kambi ni malipo mengine, kwa kila mtu kwa kila usiku, na gari lina yake. Bei unazoona kwenye orodha mara nyingi hazijaongezwa VAT, fanya hesabu mapema. Bebeni vitambulisho vya NIDA, na vya watoto bebeni nakala za vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu kiwango cha Mtanzania na cha mgeni vimeachana mbali sana.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Kuni haziokotwi hifadhini, nenda na jiko la gesi. Giza likiingia hakuna kuendesha gari ndani.

Mama mkwe msimlaze chini. Hifadhi ina mabanda pale pale jirani na ufukwe, yana vitanda. Mchukulieni banda, ninyi pigeni hema, asubuhi mnakunywa chai pamoja.

Tumbili Mweusi

Mimi ningekwambia usiende na mtoto wa miaka 6. Simba wapo, tembo wapo, fisi wapo, na kambi haina uzio. Kama ni hema na bahari tu mnataka, nendeni Ushongo kule Pangani, bahari ni safi zaidi na hakuna cha kukuamsha usiku.

Mama Nuru

@Tumbili Mweusi asante kaka, nimekusoma. Ila watoto wanataka wanyama, na mimi pia. Kambi kukosa uzio ndiyo imenitisha. Watu wanalalaje?

@Dada wa Geti asante sana, hilo la banda limemaliza ubishi hapa nyumbani.

Mzee wa Mkwaja

Mwanangu Mama Nuru, salamu. Mimi nimezaliwa upande wa Mkwaja na nimevua bahari hiyo ujana wangu wote. Wenzangu wamekujibu vizuri mambo ya gari na geti. Swali lako la kwanza bado halijajibiwa, na ndilo kubwa: hema mchangani.

Usipige hema mchangani mpaka umeujua mwezi. Ufukwe wa Saadani umelala, hauna mteremko, kwa hiyo maji yakipanda kidogo yanaingia mbali. Bamvua, yaani maji kujaa kuliko kawaida, inakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani kama tarehe 1 mpaka 3 na 15 mpaka 17 za mwezi mwandamo. Siku hizo maji yanajaa kama saa 10 jioni, na yanajaa tena kama saa 10 usiku. Hiyo ya jioni mtaiona, mtasogeza viti mkicheka. Hiyo ya usiku itawakuta mmelala. Mwezi wa sita kuna kusi juu yake, upepo unayasukuma maji kwenda mbele zaidi ya pale yalipofika jana.

Ukifika, usitazame maji yalipo. Tazama taka. Kuna mstari wa kwanza wa mwani mbichi, bado una unyevu, huo ni wa maji ya leo. Panda juu utakuta mstari wa pili: mwani mkavu mweusi, vijiti, vifuu, magome ya mikoko, pengine kipande cha nyavu. Hapo ndipo bamvua iliyopita iliishia. Hema likae juu ya mstari huo wa pili, palipoanza kuota majani, pale askari wanapokuonyesha. Na usikae chini ya mnazi hata kivuli kikiwa kitamu namna gani. Nazi haitoi taarifa.

Ukiniuliza siku ya kwenda, nitakwambia maji mafu, kama tarehe 8 mpaka 10 au 22 mpaka 24. Maji hayapandi sana, na yanajaa kwenye saa 4 au 5 asubuhi, watoto wanaoga jua likiwa zuri bila kuyafuata matopeni. Kwenye bamvua saa hiyo maji yamekupwa, utawatembeza kwenye tope mpaka wachoke. Kati ya hizo mbili chagua tarehe 8. Mwezi unakuwa juu tangu jioni mpaka karibu usiku wa manane, mnakula mkiona. Tarehe 22 jioni yote ni giza.

Kuoga, watoto waoge mbele ya kambi, maji yakiwa yanajaa, na mtu mzima awe ndani ya maji nao. Mlangoni mwa Wami msikanyage kwa miguu. Kuna mamba na viboko, na kiboko wa Wami hashindwi kutoka akaja maji ya chumvi. Rangi ya udongo mtakayoiona baharini inatoka mto huo, si uchafu.

Kiberenge

Mzee shikamoo. Hili la mistari miwili ya mwani nimeliweka akilini.

Fundi Turubai

Naongezea la hema lenyewe, maana kusi ya Juni haichezi. Vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema havishiki mchangani, upepo unavinyofoa. Chukua viroba vitupu vya mchele, vijaze mchanga nusu, funga kamba ya hema shingoni mwa kiroba, kifukie urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, shindilia kwa mguu. Kimoja kila pembe. Mlango usiuelekeze kusini, la sivyo mtakula mchanga na wali. Zipu ifungwe muda wote, mchana na usiku, na viatu vilale ndani. Asubuhi vikung'uteni kabla ya kuvaa, nge wanapenda viatu.

Dada wa Geti

Kuhusu wanyama, Mama Nuru. Watu wanalala salama kwa sababu chakula hakikai hemani. Hata ganda la chungwa. Tembo ananusa matunda kutoka mbali na turubai kwake si kitu. Kila kinacholiwa, pamoja na dawa ya meno na sabuni zenye harufu, kiingie ndani ya gari, vioo juu. Deli la barafu pia, fisi analiburuta. Nyani na tumbili ni wa mchana, hao wanafungua hata mfuko ulioufunga.

Pikeni mapema. Juni jua linazama saa 12 na robo hivi, kwa hiyo saa 11 sufuria iwe jikoni. Giza likishaingia mtoto haendi chooni peke yake, hata kama ni hatua chache. Mtu mzima anatangulia na tochi, anamulika pande zote kwanza, akiona macho yanawaka anarudi taratibu, hakimbii. Wa miaka 6 mwekeeni ndoo hemani, yaishe. Na mkifika tu jitambulisheni kwa askari wa hifadhi. Wanajua usiku uliopita nani alipita wapi.

Mchana mkienda porini fungeni vioo, mbung'o wanafuata gari linalotembea. Msivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawaita. Usiku kuna mbu, chandarua kwa mama bandani.

Mama Nuru

Nimekaa na mume wangu tumesoma yote. Tunaenda mwishoni mwa Juni kama mwezi mwandamo utakubali, la sivyo tunasogeza Julai kabla shule hazijafunguliwa, tupate tarehe 8 au 9. Mama mkwe banda. Mzee wa Mkwaja, shikamoo na asante sana. Swali moja: asubuhi ya mwisho tutakuwa na saa chache kabla ya kutoka. Twende ufukwe wa Madete kuona kasa au tubaki hapo hapo?

Mzee wa Mkwaja

Marahaba mwanangu. Madete ni mbali kwa asubuhi moja, na kasa wanapanda kutaga usiku, mtaenda kuona mchanga. Bakini Saadani. Wapelekeni watoto kijijini na bibi yao. Hapo ndipo Bwana Heri, mtawala wa hapo enzi hizo, alipowakatalia Wajerumani, vita vikaenda mpaka 1890, na watoto wa shule wanastahili kukanyaga mahali penyewe. Wavuvi wakiwa wamerudi, mnunue kamba. Kamba wa hapo wanatokea mlangoni mwa Wami, wana nyama. Wapikeni siku hiyo hiyo, msiwasafirishe.

Fundi Turubai

Mama Nuru, nina turubai la mita nne kwa sita na viroba sita vimekaa tu, niko Bunju na ninyi mnapita hapo. Mkishaijua tarehe niandikie pembeni, mtarudisha mkirudi.