Nimestaafu kazi ya usalama, nataka kuandika riwaya ya ujasusi: nitumie nini, niache nini?

Mstaafu wa Lanet
Wadau habari zenu. Niko Nakuru, nimestaafu, kazi yangu ilikuwa kukusanya habari za usalama na nyingi niliifanyia Kisumu na Busia. Sasa nimeanza riwaya ya Kiswahili, jasusi anafuatilia watu wa magendo ya sukari kwenye zile njia za panya, lakini kila nikifika pale patamu mkono unasita, naona kama nawauza walioniamini. Mama watoto anasema andika tu si ni hadithi. Nikitumia jina bandia si inatosha?

Wakili Milimani
Shikamoo mzee. Jina bandia halikukingi. Sheria ya NIS, yaani idara ya ujasusi ya Kenya, ya 2012 na ile ya siri za serikali zinakufuata hata ukiwa umestaafu. John le Carré, jasusi wa Uingereza aliyeandika riwaya, alitumia jina bandia kwa sababu alikuwa bado kazini, na hata hivyo ile riwaya yake ya 1963 wakubwa waliisoma kwanza wakaipitisha, wakaona yote ni ya kubuni. Compton Mackenzie, mwandishi mwingine wa Uingereza, yeye aliandika kumbukumbu zenyewe za kazi yake ya ujasusi Ugiriki, 1932 kitabu kikaondolewa sokoni, akashtakiwa akapigwa faini ya pauni 100. Kwa hivyo peleka muswada mapema, kwa barua, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Nyar Kondele
Mimi nahariri vitabu, na hapa ndipo naomba unisikize sana mzee. Mwandishi Graham Greene alikuwa Freetown, Sierra Leone, akifanyia Uingereza ujasusi wakati wa vita ya pili, lakini riwaya iliyotokana na maisha yake huko, The Heart of the Matter ya 1948, mhusika mkuu ni polisi tu. Anapekua meli, anakuta barua nahodha ameificha, badala ya kuiripoti anamhurumia yule nahodha anaichoma, na kutoka hapo maisha yake yanaanza kuharibika polepole. Hakuna operesheni imeanikwa pale, kuna afisa na huruma yake. Hiyo kusita kwako unayosema ndiyo riwaya yenyewe, mpe jasusi wako.

Omosh wa Jubilee
Sisi tuliolelewa na Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, tunataka ngumi pia jamani. Lakini pia tuonyeshe vitu ambavyo mtu hawezi kujua kama hajawahi kuifanya hiyo kazi.

Mstaafu wa Lanet
Asanteni sana. Vitu kama hivi? Mtu unayemfuata akiingia hoteli unalipa chai ikiletwa tu, maana akiinuka huna muda wa kungoja chenji, na unakunywa polepole sana mpaka inapoa na weita anaanza kukuuliza kama ni mbaya. Hiyo ni siri?

Wakili Milimani
Hiyo haina shida. Shida ni mtu wako wa Busia, kama alikuwepo kweli.

Nyar Kondele
Na usimbadilishe jina tu, kule wanajuana. Badilisha kazi, kabila, mji, hata namna alivyoanza kukuletea habari. Kama alikuwa dereva wa lori basi huyu awe mama wa mitumba pale Bungoma. Ukimaliza sura tatu nitumie nizisome, sitaki malipo.

Mstaafu wa Lanet
Mama wa mitumba nimempenda. Naandika barua ya wakubwa wiki hii, sura nitakutumia inbox.